Mfalme wa Pafu Moja

Kuna rekodi fupi ambayo nimeisikiliza mara nne maktaba muhula huu, hedifoni masikioni, kitabu cha fiziolojia kikiwa wazi mbele yangu kama kisingizio. Ni sauti ya mwanaume wa miaka 56 akiwatakia watu wake heri ya Krismasi ya mwaka 1951. Sauti ina mkwaruzo, imekauka, na kila baada ya maneno machache inabidi isubiri pumzi. Anayesema ni George wa Sita, mfalme wa Uingereza. Miaka ya nyuma hotuba hii ilikwenda hewani moja kwa moja. Safari hii ilibidi irekodiwe mapema, kipande kwa kipande kadiri alivyopata nguvu, halafu mafundi wakaviunganisha vipande hivyo. Miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa ametolewa pafu zima la kushoto.

Niseme mapema kwa nini mimi, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, nahangaika na mfalme wa Waingereza. Simdai, hanidai. Ila nina kigugumizi, na mpaka wiki tano zilizopita nilikuwa navuta sigara, na vitu hivyo viwili kwangu vimeunganika. Mwaka wa kwanza, siku ya kuwasilisha kazi ya kikundi mbele ya darasa la watu karibu mia mbili, kaka mmoja wa mwaka wa tatu alinichukua hadi nyuma ya bweni akanipa fegi. Akaniambia nipige pafu mbili tatu, koo litalegea. Nikapiga. Nikakohoa hadi machozi yakanitoka, jamaa akacheka. Kisha nikaingia darasani nikasema, na siku ile nilisema vizuri kuliko siku yoyote tangu nizaliwe. Basi, hapo ndipo nilipokwama.

Wengi wenu mmeiona ile filamu ya mwaka 2010 kuhusu mfalme mwenye kigugumizi. Mwanzoni kabisa kuna daktari anayemwambia avute sigara, eti moshi unalegeza zoloto. Niliiona bwenini kwenye kompyuta ya mwenzangu, nikashtuka kidogo. Kumbe ushauri wa nyuma ya bweni una ukoo mkubwa hivyo! Nikaanza kumtafuta mtu mwenyewe, yule wa kweli.

Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1895 huko Sandringham, akaitwa Albert, na nyumbani wakamwita Bertie. Hakuzaliwa kuwa mfalme. Alikuwa mtoto wa pili, kiti kilikuwa cha kaka yake. Alitumia mkono wa kushoto, wakamlazimisha atumie wa kulia. Miguu yake ilipinda magotini, wakamfunga vyuma vya kuinyoosha. Kigugumizi kilimshika akiwa mtoto wa miaka kama minane. Wataalamu hawasemi tena kwamba kumlazimisha mtoto mkono wa kulia ndiko kunaleta kigugumizi, lakini sidhani kama kulimsaidia.

Na nyumba ile ilikuwa nyumba ya tumbaku. Babu yake, Edward wa Saba, alikuwa mvutaji mkubwa, akafa mwaka 1910 kifua kikiwa kimembana. Baba yake, George wa Tano, naye alivuta, naye kifua kilimsumbua miaka mingi mpaka alipofariki Januari 1936. Kaka yake, yule aliyeachia kiti, alikuja kufa mwaka 1972 kwa saratani ya koo. Ukiangalia orodha hiyo unaweza kudhani ni ugonjwa wa kurithi. Walichorithishana ni kiberiti.

Mwaka 1909 Bertie alipelekwa chuo cha wanamaji. Tumbaku kwenye meli za vita ilikuwa kitu cha kila siku, kama chai kwetu. Mwaka 1916 alikuwemo ndani ya meli ya HMS Collingwood kwenye mapigano makubwa ya Jutland. Vidonda vya tumbo vilimtoa baharini, mwaka 1917 akafanyiwa upasuaji. Mwaka 1923 alimwoa Elizabeth Bowes-Lyon, na Desemba 1924 wawili hao walishuka Mombasa, wakazunguka Kenya na Uganda, wakateremka na mto Nile hadi Sudan. Kumbuka safari hiyo, maana Kenya itarudi tena mwishoni.

Walirudi kwao mwaka 1925, na tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo akasimama Wembley kufunga maonyesho makubwa ya dola la Waingereza. Vipaza sauti vilikuwepo, umati ulikuwepo. Maneno hayakutoka. Kwa mtu asiye na kigugumizi ngoja nieleze hali hiyo ilivyo, maana watu hufikiri ni woga tu. Sauti ni pumzi inayotoka. Hewa inapanda kutoka mapafuni, inapita katikati ya nyuzi za sauti ndani ya zoloto, nyuzi zinatetemeka, ulimi na midomo inaunda neno. Kwetu sisi neno lipo kichwani, limekamilika kabisa, lakini mlango wa zoloto unakaza na hewa inagonga kwa chini kama abiria aliyefungiwa ndani ya daladala. Ukisukuma zaidi, mlango unakaza zaidi. Na watu wote wanakutazama mdomoni.

Oktoba 1926 alikwenda kwa Lionel Logue, Mwaustralia aliyekuwa na ofisi mtaa wa Harley, London. Logue hakuwa daktari, hakuwa na digrii yoyote ya tiba. Alichokiona kwa Bertie ni kwamba mtu huyu hajui kupumua. Anapumua kwa juu juu, kifuani, na hewa inamwishia kabla ya sentensi. Akampa mazoezi: kuushusha ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, diaframu, hewa iingie mpaka chini, kisha itoke polepole na kwa mpangilio, vokali moja baada ya nyingine, kila siku, bila kuruka. Bertie aliyafanya kwa nidhamu ya mwanamaji. Mei 1927 alifungua Bunge jipya la Australia mjini Canberra na hotuba ikaenda.

Na katikati ya mazoezi hayo yote, aliendelea kuvuta.

Hapa ndipo nilipofunga ukurasa wa mfalme na kufungua ule wa fiziolojia. Swali langu lilikuwa dogo tu: huyu mtu anafundisha njia ya hewa kutulia asubuhi, halafu mchana kutwa anaipitishia moshi. Njia yenyewe inasemaje?

Inasema mengi. Hewa tunayoivuta kwa pua huchujwa, hupashwa joto na kulowanishwa kabla ya kufika kifuani. Moshi wa sigara unaingia kwa mdomo, kwa hiyo unaruka lango hilo. Unafika kwenye zoloto, unashuka koo la hewa, unafika mahali linapogawanyika mirija miwili, mmoja wa pafu la kulia, mwingine wa kushoto. Ngozi ya ndani ya njia hii yote imejaa ncha za neva nyembamba mno, na kazi yake ni ulinzi. Zikiguswa na vumbi, pilipili, maji yaliyopotea njia au moshi, zinapeleka taarifa kupitia neva ya vagasi hadi chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo. Jibu linarudi bila wewe kuombwa ruhusa. Unavuta hewa nyingi. Mlango wa zoloto unafungwa. Misuli ya tumbo na mbavu inakaza wakati mlango umefungwa, presha inapanda, kisha mlango unaachiwa ghafla na hewa inatoka kwa kishindo pamoja na kilichokuwa njiani. Ndicho kikohozi. Ndicho kilichomchekesha yule kaka nyuma ya bweni.

Wakati huohuo misuli laini inayozunguka mirija inabana, njia inakuwa nyembamba, na tezi zinamwaga ute ili kunasa uchafu. Jambo ambalo mie sikulijua kabla ya kusoma ni kwamba nikotini yenyewe ni mojawapo ya vitu vinavyozichokoza ncha hizo. Nilikuwa nadhani ni lami na joto tu. Yaani kile ninachokitafuta ndani ya sigara ndicho kinachofanya njia yangu ya hewa ijikunje. Kulegea kuko wapi hapo?

Ukirudia kila siku, ulinzi unazoea. Wavutaji ambao hawajaugua wakipimwa kwa mvuke wa kukohoza, wengi wao wanahitaji mvuke mkali zaidi ya watu wengine ndipo wakohoe. Sisi wavutaji huwa tunaita hali hiyo kuwa mzoefu. Unavuta mpaka chini, hukohoi, unajiona umekomaa. Chini zaidi kuna vijinywele vinavyoitwa silia, kama mia mbili juu ya kila seli, vinavyopiga makasia zaidi ya mara kumi kwa sekunde, kusukuma ute na takataka kuelekea juu ili umeze au uteme bila hata kujua. Moshi unavipunguzia kasi, na kwa miaka unavifupisha na kuviua. Ute unaongezeka, wasukumaji wanapungua, kazi yote inabaki kwa kikohozi ambacho nacho kimeshazoea. Usiku, saa chache bila moshi, silia zilizobaki zinajaribu kufanya kazi tena, na asubuhi unasikia bweni zima likikohoa kuelekea bafuni.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo lililoniogopesha kuliko yote. Nobel ya tiba ya mwaka 1938, Bertie akiwa tayari mfalme, ilikwenda kwa Corneille Heymans wa Ghent, Ubelgiji. Huyu alionyesha kwamba shingoni, pale mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika, kuna vinundu vidogo vinavyoonja damu. Oksijeni ikipungua, vinapiga kelele ubongoni na pumzi inaongezeka. Nikotini inavichokoza pia, kwa hiyo mvutaji anaweza kuhema zaidi kidogo bila sababu. Lakini moshi una kaboni monoksaidi, gesi inayoshikamana na hemoglobini zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Inachukua viti vya oksijeni kwenye damu. Na vinundu vile havigundui, kwa sababu vinapima oksijeni iliyoyeyuka kwenye damu, siyo ile iliyobebwa. Damu inapungukiwa, mlinzi wa pumzi anaona kila kitu kiko sawa.

Sasa kwa nini siku ile nilisema vizuri? Nimelifikiria sana, na maoni yangu ni haya, mwenye lake alete. Tazama mtu anavyovuta sigara. Anavuta hewa ndefu hadi chini. Anaishika kidogo. Anaiachia taratibu, midomo imekunjwa. Anarudia mara kumi, pembeni, mbali na watu. Hilo ni zoezi la Logue! Ni zoezi lilelile, tofauti ni kwamba limejazwa moshi. Naamini kilichonisaidia nyuma ya bweni kilikuwa dakika tano za kupumua kama binadamu. Nikotini ilifika ubongoni ndani ya sekunde chache ikachukua sifa. Kisha kila iliposhuka nilihangaika, nikavuta, hangaiko likaisha, nikasema, ona, inatuliza. Mfalme alikuwa na dawa na sumu kwenye kifua kimoja, na sidhani kama alikuwepo mtu wa kumtenganishia. Zama zile hata madaktari wengi walivuta, na wapo walioamini sigara inatuliza neva.

Desemba 1936 kaka yake alijiuzulu na Bertie akawa George wa Sita. Vita vilipoanza, tarehe 3 Septemba 1939, alisoma tangazo redioni, polepole, kila kituo cha pumzi kimepangwa. Miaka sita ya vita naipita haraka, mnaijua. Alibaki London mabomu yakidondoka, alivuta.

Wa kwanza kulipa walikuwa miguu. Mwaka 1948 miguu ikaanza kumkaza na kufa ganzi, mishipa ya damu imebana. Machi 1949 walimfanyia upasuaji wa neva karibu na uti wa mgongo ili damu ishuke. Nikotini hubana mishipa, na kwa mtu mwenye ugonjwa huo kila sigara ni kuongeza fundo.

Septemba 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali za London: wagonjwa wa saratani ya mapafu walikuwa wavutaji kwa kiwango ambacho bahati haiwezi kukieleza. Doll mwenyewe aliacha kuvuta. Wengi hawakushtuka. Mei 1951 mfalme aliugua kifua, picha ikaonyesha kivuli pafu la kushoto, ikasemwa ni uvimbe wa mafua. Septemba wakamwingiza mrija kooni, wakachukua kipande cha nyama, wakajua. Tarehe 23 Septemba 1951, karibu mwaka mmoja kamili baada ya utafiti wa Doll, chumba kimoja cha kasri la Buckingham kiligeuzwa chumba cha upasuaji, na Clement Price Thomas akalitoa pafu lote. Tangazo kwa wananchi lilizungumzia mabadiliko katika muundo wa pafu. Neno saratani halikutajwa, na inasemekana mgonjwa mwenyewe hakuambiwa. Price Thomas naye alikuwa mvutaji mzuri tu, na miaka ya baadaye alifanyiwa upasuaji kwa ugonjwa uleule.

Hapa msomaji nivumilie, kuna kitu kwenye anatomia ambacho kama kingeandikwa kwenye riwaya ningesema mwandishi ametia chumvi. Zoloto linaendeshwa na matawi mawili ya neva ya vagasi, la kulia na la kushoto. La kulia lina njia fupi. La kushoto linashuka hadi ndani ya kifua, linapinda chini ya mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, jirani kabisa na mzizi wa pafu la kushoto, halafu linapanda tena hadi kooni. Kwa sababu hiyo mtu mwenye uvimbe upande wa kushoto wa kifua anaweza kuja hospitali akilalamikia sauti tu. Kwa sababu hiyo pia, anayelitoa pafu hilo anafanya kazi sentimita chache kutoka kwenye sauti ya mgonjwa. Mtu aliyepambana miaka 25 kuupata mlango wa zoloto lake, kisu kilikuwa kinapita mlangoni.

Alipona kiasi. Sauti ilibaki na ule mkwaruzo ninaousikiliza maktaba. Nikiisikiliza sasa najaribu kuhesabu maneno kwa kila pumzi. Na kitu kimoja nakisikia wazi, huenda ni masikio ya mwenye kigugumizi: anasimama, lakini hakwami. Kigugumizi karibu hakipo. Kazi ya Logue ilikuwa bado inafanya kazi, hewa tu ndiyo haikutosha.

Tarehe 31 Januari 1952 alikwenda uwanja wa ndege wa London, kichwa wazi kwenye baridi, kumsindikiza binti yake Elizabeth aliyekuwa anaanza safari ndefu kupitia Kenya. Tarehe 5 Februari alishinda nje Sandringham akiwinda sungura. Usiku huo binti alilala Treetops, ile hoteli ya juu ya mti kwenye msitu wa Aberdare, karibu na Nyeri, akitazama wanyama wakija kunywa maji. Baba yake alikutwa asubuhi amefariki kitandani, damu iliganda kwenye mshipa wa moyo. Habari zilimfikia binti Sagana, akiwa tayari malkia kwa saa kadhaa bila kujua. Kama ni moyo, ni miguu, ni pafu, vyote vilikuwa vimepita mdomo mmoja.

Logue alifariki mwaka uliofuata.

Mie niliacha siku ya Jumatatu, siyo kwa ushujaa, boom lilikuwa limeisha. Nilikopa pafu moja Jumatano kwa mwenzangu wa mwaka, nikaitupa nusu. Kabla ya kuwasilisha wiki iliyopita nilikwenda palepale nyuma ya bweni, nikasimama mikono mitupu, nikapumua hadi chini mara kumi, nikaachia polepole. Jamaa waliopita walidhani nasali. Darasani nilikwama mara mbili, kwenye neno lenye k na kwenye jina langu mwenyewe. Nikasubiri. Mlango ukafunguka, nikaendelea.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni kikohozi. Sikuwa nakohoa nilipokuwa navuta, nimeanza nilipoacha. Mwalimu wa maabara amecheka, amesema wengine inawatokea, silia zinaamka na ute wa miaka miwili lazima upite mahali. Mwenzangu wa chumba analala na mto kichwani. Nimemwomba anivumilie mpaka mitihani.